Saa Iliyosingiziwa

Maneno ya bombani yalimganda fundi cherehani kama kupe: eti binti yake ameharibu saa ya kazini. "Saa yenyewe, shoga, haina fundi nchi nzima," jirani alimwambia, huku akitabasamu upande. Siku hiyo kila mshono ulikwenda kombo.

Binti aliporudi, hata viatu hajavua, akaulizwa.

"Sijaharibu kitu, mama."

Binti alifanya kazi kwenye dishi kubwa linalosikiliza nyota zilizokufa. Nyota hizo huzunguka, na kila mzunguko hutuma pigo, tik, tik, bila kuchoka. Kazi yake ni kupima, kwa saa hiyo, kila pigo limefika lini. Wimbi la mvutano likipita angani, hutanua na kubana nafasi yenyewe, mapigo yakawahi au yakachelewa kidogo mno. Wamelisubiri wimbi hilo miaka. Sasa dalili zimeonekana, na mkuu wake anasema ni saa mbovu, vipimo vifutwe, wageni wa wizara wanaokuja wasije wakaona mchoro wa mapigo uliopinda.

"Na mtunza saa ni wewe."

"Ndiyo. Anataka nitie sahihi kwamba ilikosea."

"Ilikosea?"

"Saa ikikosea, mama, nyota zote huonekana zimechelewa sawasawa. Hizi, za upande huu zimechelewa, za upande ule zimewahi. Nilimwonyesha. Akaniambia nikapime chumvi jikoni."

"Chumvi? Aje hapa nimpimie pilipili."

Damu ilimchemka mama. Mtu mzima, na shule yake yote, anamtwika mtoto wa mwenzake kosa ili mchoro wake upendeze. Lakini hofu nayo haibishi hodi.

"Usipotia sahihi?"

"Nitatolewa chumba cha vipimo."

"Ukitia?"

"Miaka yote inafutwa kesho asubuhi."

Mama alikata uzi kwa meno. "Basi usitie, mwanangu."

Hakutia. Bila sahihi ya mtunza saa hakuna kinachofutwa, kwa hiyo vipimo vikabaki. Binti akapelekwa getini, kuwagawia wageni vitambulisho vya kuvaa shingoni. Mpaka leo yuko huko, na mama yake hajapoa. Humwambia kila mwenye mtoto kazini maneno haya:

Msiwaruhusu watoto watie sahihi kosa wasilolifanya.

Msiwahimize wakubali yaishe, hayaishi.

Msimheshimu mkubwa anayejibu kipimo kwa tusi.

Msifute kitu kwa kuwa kimepinda.

Msilaumu saa kabla ya kulinganisha nyota.