Pua ya Ndege ya Oteng

Ndege ndogo nayo ina pua. Iko mbele kabisa, katikati ya pangaboi, kofia ya alumini iliyochongoka kama titi la msichana, na nikisema hivyo marubani hutazama pembeni na kunywa chai yao harakaharaka. Chai hiyo nawapikia mimi, hapa uwanja wa Maun, kwenye banda la ndege la Rra Uaripi, yaani Bwana Uaripi, pamoja na magwinya, maandazi yetu ya moto, kwa hiyo hakuna anayethubutu kunijibu vibaya.

Pua isiposuguliwa huwa kama sufuria ya mwanamke aliyekata tamaa. Wadudu huipasukia, mvua huidonoadonoa, mchanga huikwaruza. Oteng, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyekuwa fundi wake. Aliisugua mpaka ukisimama mbele yake unaona uwanja wote umo ndani: njia ya kurukia imejikunja kama mkia wa paka, punda wa watu wamekuwa wadogo kama siafu, mbingu imemwagika kando kama maziwa. Asubuhi za baridi nilikuwa nasimama pale na birika mkononi, nasahau nilikuwa naenda wapi. Mtu anaweza kuishi humo, nilikuwa nawaza. Humo hakuna anayegombana, kila kitu kinapita taratibu, na paa langu halivuji.

Jina Oteng kwetu maana yake ni "yupo". Kaka zake walimtangulia kuzaliwa na wakatangulia kufa, yeye akabaki, na dada yangu akamwita hivyo kama mtu anayemjibu mgeni mlangoni. Basi wakati wa mvua, moyo wa Oteng ukasimama akiwa ameketi juu ya ndoo yake, kitambaa mkononi, mbele ya pua iliyokwisha kung'aa. Tukaanza kuishi na maneno yasiyokaa vizuri mdomoni: Yupo hayupo.

Rra Uaripi ni Mherero, mtu wa ng'ombe hata akiwa na ndege. Huzigonga ubavuni kabla ya safari, kama anapeleka zizi malishoni. Alilia kwenye mazishi kuliko sisi, kisha akampa kazi mjane, Boingotlo, maana Oteng alikuwa amemfundisha kila kitu. Boingotlo alijua kwamba kwanza ufunguo wa ndege unatolewa na kuwekwa mahali kila mtu anauona, pangaboi lisije likamkata mtu kichwa. Alijua kuosha, kupitisha msasa laini wenye maji, kupaka dawa kidogo, na kusugua kwa fulana kuukuu ya pamba. Alijua kwamba alumini hutoa weusi, na kadiri inavyozidi kung'aa ndivyo mikono yako inavyozidi kuwa kama ya mchoma mkaa. Na mwisho kabisa, unga wa mtama, unaonyunyiziwa kwenye kitambaa kikavu ili kufuta weusi wa mwisho. Huo unga ulikuwa uvumbuzi wa Oteng. Aliuiba jikoni kwangu.

Lakini tangu Boingotlo ashike kitambaa, pua ya ndege ikapata ukungu. Haikuwa chafu. Ilikuwa kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho: unajua linakutazama, ila hujui linaona nini.

Rra Uaripi alivumilia mpaka msimu wa baridi, mafuriko yalipofika kwenye delta na watalii wakaanza kumiminika. Asubuhi moja akaja na kopo la rangi ya kijivu chini ya kwapa.

"Mma Boingotlo," akasema, huku akilitazama kopo badala ya kumtazama yeye, "Ijumaa nina wageni wa kuruka. Kama pua haijang'aa mpaka hapo, naipaka rangi. Ikishapakwa rangi haihitaji msuguaji. Unanielewa, mama?"

"Nimekuelewa, Rra."

"Mimi sitaki kuipaka."

"Najua, Rra."

Akaliweka kopo chini ya bawa la ndege, akaondoka akipiga chafya. Rra Uaripi huwa halii mbele ya watu mara mbili.

Nikamletea Boingotlo chai. "Wewe mtoto," nikasema, "una mkono kama wa mumeo. Mbona unaiacha katikati? Unampikia mtu uji halafu unaupakua ungali maji?"

Akainamisha kichwa ndani ya kitambaa chake cheusi cha msiba. "Mama mdogo, ikifika pale uso unapoanza kuja, naacha."

"Uso wa nani?"

"Wangu. Mama mkwe amesema nisijione kwenye kioo mpaka nivuliwe nguo nyeusi. Amesema mjane akijiona, marehemu naye anamwona, na hatapumzika."

Nikaweka birika chini. Nilijua dada yangu amegeuza vioo vyote nyumbani vikatazama ukuta. Nilijua amemnyang'anya Boingotlo kijiko cha chai akampa cha mbao. Sikujua kwamba amefika mpaka uwanja wa ndege.

"Ikipakwa rangi," Boingotlo akasema polepole, "si kazi yangu tu itakayokwenda. Chini ya huo ukungu kuna kazi yake. Naisikia kwa vidole. Rangi itamfunika mara ya pili."

Akili yangu ya darasa la saba ikaanza kuchemka. Kwanza nikamwazimia barakoa ya mchomeleaji. Kama uso haupaswi kuonekana, si ufunikwe uso? Boingotlo akaivaa, akawa kama roboti lililofiwa. Hakuona kitu. Akasugua gurudumu, akasugua hewa, akampaka dawa ya kung'arishia rubani aliyekuwa anapita. Tulicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikageuka kikawa kile kingine, nikamshika kichwa mpaka kikapita.

Jioni hiyo nikavuka mto kwenda Boseja kwa dada yangu, Mma-Oteng.

"Dada, mkweo atapoteza kazi."

"Kwani nimemkataza kusugua? Nimemkataza kujitazama."

"Atasuguaje kitu cha kung'aa asijione?"

"Kwa mkono. Au siku hizi watu wanasugua kwa macho?"

"Mkaidi wewe."

"Na wewe mbea. Kunywa chai yako." Akavuta shali. "Mdogo wangu, sikiliza. Kioo ni kioo, kiwe ukutani au kwenye pua ya ndege. Mwanangu amechoka. Namtaka alale."

Hapo sauti yake ikapasuka kidogo, nami nikaona si ukaidi. Lilikuwa blanketi, alikuwa anamfunika mtoto.

Nikabadilisha njia. "Sawa. Kioo ni kitu gani, wewe mkubwa?"

"Kitu kinachokuonyesha ulivyo."

"Ulivyo kabisa?"

"Ulivyo kabisa. Umezeeka mpaka umesahau kioo?"

"Basi njoo kesho uitazame hiyo pua, useme ni kioo mbele ya Rra Uaripi, ili asimlaumu mtoto. Na marubani watafurahi kukuona. Nimewaambia wewe ndiye ulikuwa msichana mzuri kuliko wote huku ng'ambo. Wananicheka."

"Wanacheka nini?" akauliza dada yangu.

"Wanasema, kama anafanana na wewe, hapana."

Asubuhi alikuja amevaa kilemba cha harusi. Weusi wake yeye, wa mama, ulikuwa umeshavuliwa, kwa hiyo kujitazama kwake hakukuwa na kosa. Mimi nilikuwa nimetangulia kufika, na kwa dawa, fulana na viwiko vyangu vinavyolia kama mlango, nilikuwa nimefungua sehemu moja tu ya pua, upana wa sahani, usawa wa uso wake. Boingotlo nikamsimamisha nyuma ya mkia wa ndege, mgongo umegeuzwa. Rra Uaripi alikuwepo, rubani aliyepakwa dawa alikuwepo, na mtu wa mafuta alikuwepo kwa sababu magwinya yalikuwepo.

"Sogea, dada. Karibu zaidi. Kioo hutazamwa kwa karibu."

Dada yangu akarekebisha kilemba, akapeleka uso mbele kwa madaha.

Sasa wewe unajua pua ya ndege inavyofanya. Ikikupokea, pua yako huja mbele kama ya tembo, macho hukimbilia kwenye masikio, kidevu hupotea, na mdomo hujaa uwanja mzima kama wa kiboko anayepiga miayo.

Dada yangu akaruka nyuma. "Yesu! Nani huyu?"

"Wewe."

"Mimi?" Akatazama tena, kwa jicho moja. "Mimi si huyu! Rra, nakuuliza mbele ya watu, mimi ndiye huyu?"

"La, Mma," akasema Rra Uaripi kwa heshima kubwa. "Sio wewe hata kidogo."

"Mimi sijawahi kufanana na kitu hiki, hata nilipougua surua! Hiki ni kioo gani? Hiki si kioo, ni kitu cha uongo!"

"Rudia, dada, mtu wa mafuta hakusikia."

"Si kioo!"

Watu wote bandani wakauma midomo. Dada yangu akanitazama. Akatazama pale palipong'aa upana wa sahani, akatazama dawa chini ya kucha zangu, akatazama tena uso wangu, na nikaona mambo yanaungana moja moja nyuma ya macho yake.

"Nyoka wewe," akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, dada."

Nilidhani ataondoka. Badala yake akarudi kwenye pua. Akatoa ulimi. Kiboko naye akatoa ulimi. Akakunja shavu, akalia kidogo, akafuta, akatoa ulimi tena.

"Oteng alikuwa anajiona hivi?" akauliza. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Ndiyo maana alikuwa anarudi nyumbani anacheka peke yake. Nilikuwa nafikiri ni pombe."

Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na yule kiboko wake akacheka mpaka akameza njia yote ya kurukia na punda wake. Kisha akapaza sauti kuelekea mkiani: "Mkwe wangu! Njoo ufanye kazi yako. Huwezi kujiona humu. Humu hakuna mtu anayejiona."

Boingotlo akaja. Akautazama kwanza ufunguo mahali ulipokaa, kama alivyofundishwa. Akaanza.

Sijui ilichukua muda gani. Jua lilipanda likashuka na mimi sikupika kitu, hakuna aliyedai. Kitambaa kilikwenda kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa mzunguko, na weusi ukawa unatoka kwenye alumini na kuingia mikononi mwake, ukapanda mpaka kwenye viwiko ukakutana na weusi wa gauni, usijue chuma kinaishia wapi na mjane anaanzia wapi. Ndege nyingine zilitua na kuruka, lakini zilisikika mbali, kama nyuki ndani ya mtungi wa jirani. Ukungu ulikuwa unarudi nyuma kidogo kidogo. Kwanza zikaja mbingu. Kisha mitende. Kisha banda, na sisi sote mlangoni, wadogo, tumejipinda, kama watu wanaokumbukwa na mtu mwingine.

Kopo la rangi Rra Uaripi alilichukua kimyakimya. Sasa mlango wa choo chetu ni wa kijivu, unapendeza.

Mwisho Boingotlo akachota unga wa mtama. Ukapeperuka ukamtua kifuani, kwenye gauni jeusi, kama alfajiri inapoanza kwenye majani. Akafuta mara ya mwisho, akashusha mkono, akainua uso, na akatazama moja kwa moja ndani ya pua. Hakutikisika. Alitazama kama mtu anayetazama barabara.

Dada yangu akanishika kiwiko, kile kinachouma.

"Boingotlo," nikamwita polepole, "kuna mtu humo?"

Hakugeuka. Niliona tabasamu lake ndani ya alumini, refu, linatoka upande mmoja wa uwanja mpaka upande wa pili.

"Oteng," akasema.

Na mpaka leo, ninapopita na birika langu, sijui kama siku ile alikuwa anamwita mumewe au ananijibu mimi tu kwamba yupo.