Mfuko wa Adapta Zilizoungua

Mtaani walimwita Mkali, yule fundi umeme, na jina lilimkaa barabara. Ukimwita aje kukutengenezea swichi, jiandae kwanza kula maneno. Akishaingia anakagua kuta zote kwa kichwa kilichoinama, halafu anafungua mfuko wake wa turubai na kukumwagia mezani adapta zilizoungua alizozikusanya kwenye nyumba za watu. Nyingine zimeyeyuka pembeni, nyingine nyeusi tii.

"Haya, tazama! Huyu alichomeka jiko na pasi kwenye tundu moja. Huyu akapandisha adapta juu ya adapta. Kifo kimekaa ukutani, nyie mnakichemshia chai!"

Watu walicheka, lakini walimsikiliza.

Sasa nenda nyumbani kwake uone maajabu. Jikoni soketi moja tu, kwenye soketi adapta, juu ya adapta nyingine tena, na humo vimening'inia friji, birika na jiko dogo la umeme. Mkewe alisema mpaka akachoka. "Baba watoto, hiki kitu kinapata moto." Jibu lilikuwa lile lile: kesho naongeza soketi. Kesho gani hiyo, Mungu anajua. Na fyuzi ya adapta ilipozidi kukatika, Mkali huyo huyo mwenye mfuko aliona uvivu kwenda dukani. Akaviringisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaipachika mahali pa fyuzi. Tangu hapo haikukatika tena, na bwana mkubwa akajiona mjanja.

Mkewe alipojifungua kwa upasuaji, mama mkwe alikuja kumsaidia kulea. Asubuhi moja mama huyo aliwasha birika apate maji ya kumwogesha mjukuu, na jiko nalo likiwa na sufuria ya uji wa mzazi. Mara harufu, mara moshi, mara adapta inatoa cheche na kuyeyuka, inatiririka ukutani. Alipiga kelele nyumba nzima ikasimama. Mkali akatoka bafuni na taulo, mbio mpaka kwenye swichi kuu, akakata umeme.

Hakuna aliyeumia. Ukuta ulikuwa mweusi hadi karibu na dari.

"Nimefanya nini mimi, jamani?" mama mkwe alisema. "Nimechomeka tu kama nilivyowaona nyie."

"Mama, si umewasha vyote kwa pamoja?" mkewe aliuliza, mtoto kifuani. Kisha wote wawili wakamgeukia fundi.

Mkali alikuwa ameshaing'oa adapta. Ndani aliiona ile karatasi yake, imeungua lakini bado inajulikana. Fyuzi halali ingekatika zamani, pasingekuwa na moshi wala cheche. Akafumba kiganja wasiione.

"Umeme unataka mazoea, mama," alisema. "Kwa sasa usiguse kitu."

"Nisamehe, baba. Ningewaulia mtoto wenu."

Naye akanyamaza. Mwanamume mzima, akaacha aombwe msamaha ambao yeye ndiye alipaswa kuuomba! Siku hiyo hiyo aliweka soketi mpya mbili, kazi aliyoikwepa tangu mimba ya mtoto huyo ilipoanza, na ile adapta akaitupia mfukoni kati ya wenzake.

Kesho yake aliitwa kwa msusi mmoja anayesukia watu sebuleni kwake, draya ya kukaushia nywele na pasi ya kuzinyooshea vyote kwenye adapta moja. Mkali akamwaga mfuko kama kawaida yake. Msusi akachagua moja, akaigeuzageuza.

"Hii mbona bado inanuka? Ya nani?"

Ulimi ulimtangulia. "Ya bibi mmoja. Alichomeka hovyo."

"Wazee, jamani!" Msusi alicheka, na mteja aliyekuwa kwenye kiti akacheka naye. "Wakae mbali na umeme, watatumaliza."

Hapo aibu ilimpanda Mkali mpaka masikioni. Jana alikuwa amenyamaza tu. Leo amemtembeza mama wa watu mtaani, achekwe na watu asiowajua. Alizoa adapta zake, akafunga kazi bila kumfokea mtu, na msusi akamuuliza kama anaumwa.

Jioni alimkuta mkewe amesimama koridoni, mtoto begani, macho mekundu.

"Mama anaondoka. Ameshafunga sanduku. Tangu jana anaoga maji baridi, hata taa hagusi. Anasema ana mkosi, asije akatuulia mtoto. Nitafanyaje peke yangu na kidonda hiki?"

Mkali alisukuma mlango. Mama mkwe alikuwa amekaa gizani ukingoni mwa kitanda, sanduku miguuni. Mkali akapiga magoti mbele yake, akamwekea ile adapta mapajani, imefunguliwa.

"Mama, hiyo karatasi humo ndani niliiweka mimi. Hapo panakaa fyuzi. Wewe hukukosea chochote. Ni mimi niliyekaribia kuiunguza nyumba yangu."

Mama alipapasa adapta kwa kidole. Nyuma yao mkewe alivuta pumzi.

"Jana nilipokuomba msamaha," mama aliuliza taratibu, "ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema aligundua baadaye. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Nilikuwa najua, mama. Na leo nimewaambia watu ni wewe."

Mtoto alilia kidogo, akanyamaza.

"Washa taa," mama alisema. "Nikuone uso."

Mkali akainuka, akabonyeza swichi, akarudi mbele yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama alimtazama, akaendelea kumtazama mpaka yeye akainamisha kichwa.

"Nipe mjukuu wangu," hatimaye alimwambia binti yake. Sanduku akalisukuma kwa mguu chini ya kitanda, bila kulifungua.