Sifuri ya Kinanda

Kama kuna mtu ambaye wivu uliwahi kumpanda mpaka kooni, basi ni Védastine, Jumamosi ile katika ukumbi wa parokia kule Cyangugu. Miaka saba alikuwa mpiga kinanda wa kwaya. Saba! Halafu huyu Nzigire, kasichana ka Bukavu kanakovuka mpaka na mzigo wa vitenge vya mama yake, amekaa kwenye kinanda hichohicho miaka miwili tu, na watu wanageuza shingo misani. "Huyu mutoto ana mikono ya malaika," wanasema. Na ya Védastine ni mikono ya nani, ya mbuzi?

Nafasi iliyobaki katika shule ya muziki ilikuwa moja, na waliobaki kuigombea ni wao wawili. Mwakani Védastine angekuwa amevuka umri.

Aliyekuja kuwasikiliza ni Mzee Wenceslas, yule mpiga piano aliyejaza kumbi za Ulaya, kisha siku moja akainuka katikati ya wimbo, akatoka jukwaani, na hakupiga tena. Mikono yake ilitetemeka hata kwa kushika kikombe cha chai. Mtihani wake ulikuwa mmoja: yeye anaimba, wewe unamfuata.

Sasa tusidanganyane, wapiga kinanda wa kwaya zetu wanajua vibao vyeupe tu. Mwimbaji akianzia juu, unabonyeza kitufe mara mbili, mara tatu, kinanda chenyewe kinapandisha sauti, na vidole vyako vinabaki palepale vilipozoea. Kioo cha kinanda kile kilikufa zamani, kwa hiyo huoni kitufe kimefika wapi. Ndiyo maana kuna adabu moja: anayeinuka anarudisha sifuri, yaani sauti ya mwanzo kabla ya kubonyeza. Hata mlevi anarudisha.

Védastine alitangulia. Mzee akaimba, yeye akabonyeza mara tatu, akampata. Alipiga vizuri, haki yake apewe. "Vizuri," mzee akasema. Vizuri tu! Védastine akamtazama Nzigire pale mlangoni, ametulia, hana hata jasho. Akainuka. Sifuri hakurudisha.

Nzigire akaketi. Mzee akaanza wimbo mwingine, naye akabonyeza mara mbili, akidhani anaanzia sifuri. Yesu wangu! Kinanda kilikwenda kule, mzee huku. Mzee akaziba masikio kama aliyemwagiwa maji ya moto, lakini hakuacha kuimba. Na Védastine, tusifiche, alisikia raha kifuani.

Nzigire hakugusa kitufe tena. Aliinamisha kichwa, kidole kimoja kikatafuta, kikaangukia kibao cheusi. Kisha kingine. Akakosea, akarudi, akakosea tena. Kufika ubeti wa pili alikuwa amempata mzee kwa mikono yote miwili, kwenye vibao ambavyo hakuna aliyewahi kumfundisha. Mzee alikuwa analia waziwazi.

Wimbo ulipokwisha akaandika jina la Nzigire kwenye karatasi yake. Kisha akazima kinanda, akakiwasha upya ili kirudi sifuri chenyewe, akamsogelea Védastine.

"Mi pia nilimufanyia mwenzangu hivi, kwenye mtihani kama huu," akasema kwa sauti ya chini. "Nikashinda. Nikapewa nafasi yake. Mpaka leo nikikaa kwenye piano, ni ile kelele yake tu nasikia." Akavuta kiti. "Njoo. Wimbo huohuo. Bila kitufe."

Védastine akaketi, uso unamuwaka. Mzee akaimba. Vidole vikaenda kulekule vilikozoea kwa miaka saba, na kila alipogusa palikuwa pabaya. Hakujua hata aanzie wapi.

Nzigire, ambaye hakuwa amesikia neno la mzee na alidhani mwenzake alisahau tu, akainama begani kwake.

"Yaya, dada yangu, hapo kamata ile nyeusi," akanong'ona. "Usiogope, mi niko hapa." Akamshika kidole, akakiweka mahali pake.

Védastine akabonyeza. Ilikuwa sahihi. Laiti angetukanwa, angejua la kujibu. Alibaki amekikandamiza kibao kile, machozi yanamdondoka mikononi, na mzee akarudia mstari uleule kumngoja.