Simu Ilivyomkunja Baba

Usiku wa kuamkia leo niliota nimemkunja baba.

Nieleze kwanza, msije mkaniona mwehu. Baba yangu, Mzee Kibwana, ni fundi cherehani hapa Morogoro, na mimi, Riziki, natengeneza programu za simu. Wiki nzima nilikuwa namtengenezea programu ya kutunza vipimo vya wateja. Simu haimjui mteja; inajua herufi na namba tu. Kwa hiyo mteja huvunjwa vipande, kila kipande kikapewa jina na kuhifadhiwa. Akihitajika, anaunganishwa upya. Kipande ulichosahau kukitaja hakirudi, na simu haikuambii. Hapo ndipo ninapoichukia.

Basi niko kibarazani kwetu, baba anaposhonea, na simu imekuwa kubwa kama kabati. Ina dirisha dogo, na dirishani umesimama mkasi wa baba, umevaa tai. Siuamini hata kidogo mkasi unaovaa tai.

"Programu inafungwa," unasema. "Asiyehifadhiwa anapotea moja kwa moja. Huyu mzee ni nani?"

"Baba yangu huyo!"

"Mtaje vipande."

Baba anajilaza mwenyewe kwenye meza ya kupigia pasi, bila ubishi. Hilo si la kawaida, maana baba hubishana hata na redio. Nataja harakaharaka: Kibwana. Mfupi. Miwani iliyofungwa uzi. Kikohozi cha asubuhi. Hukata uzi kwa meno. Hapendi kola iliyokaa upande. Chai hanywi na sukari, ila akiwekewa hunywa.

Kila ninachotaja, mkasi unamkunja mara moja, mpaka anakuwa mwembamba kama leso. Unamtia dirishani.

"Umemaliza?"

"Mbona unaniuliza kwa sauti hiyo?"

"Ndiyo sauti yangu."

Hapo nikajua unataka kuniibia.

Kibaraza sasa ni ukumbi wa harusi, na tumepanga foleni kuchukua watu wetu. Mama aliye mbele yangu anarudishiwa mume asiye na masikio.

"Hukuyataja," mkasi unamwambia.

"Nilidhani yanakuja na kichwa!" analia yule mama. Mumewe anatabasamu tu, hasikii lolote.

Zamu yangu inafika. Baba anatoka, anakunjuliwa, anakung'utwa. Namkagua kama nguo ya mtumba. Miwani ipo, na uzi wake. Anakohoa. Ananitazama shingoni.

"Kola yako imekaa upande," anasema.

Karibu nilie kwa furaha. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu sana."

Karibu sana? Tangu lini? Amesimama mikono nyuma, ananitabasamia vizuri mno. Baba hajawahi kunitabasamia hivyo kabla ya chai.

"Umebakiza nini humo ndani?" nauuliza mkasi.

"Sijabakiza kitu."

"Fungua nione!"

Unafungua. Ndani peupe, pamefagiliwa. Narudia kichwani yote niliyoyataja, na yote yapo. Nauita mwizi hata hivyo, kwa tahadhari.

Nikaamka. Jua limeshatoka, na cherehani inalia kibarazani. Nilicheka peke yangu kitandani, nikajifunga kanga nikatoka bila hata kunawa uso. Baba alikuwa ameinama kwenye kazi yake. Akakohoa, akakata uzi kwa meno. Ndiye yeye.

"Shikamoo, baba."

Akainua macho juu ya miwani, akanitazama kwa upole.

"Marahaba, dada. Kaa hapo kwenye benchi."

Nikakaa. Mkasi ulikuwa mezani, kimya, hauna tai. Haukuniibia chochote. Nilitaja miwani, nikataja kola, nikataja hadi sukari ya chai. Sikutaja kwamba ana binti.

Baba akavua futi shingoni na kuinyoosha.

"Haya," akasema. "Kitambaa umekuja nacho, au utachagua hapahapa?"