Barua Zilizokwama Tangu Jumatatu

Kufikia Jumatano, Lucy alikuwa amechoka kuulizwa. Barua pepe hazikuwa zimeingia katika ofisi ya mradi wa maji pale Mtwara tangu Jumatatu, na fundi wa kompyuta alikuwa yeye peke yake. Mkuu wa mradi, Bwana Stefano, alifoka kila alipopita. Lakini aliyemnyima raha hasa ni Graca, mfasiri wa Kireno, ambaye hakuuliza kitu. Alikuwa akija mlangoni, anatazama, anaondoka.

Graca, ambaye ofisini walimwita Mama Elton, alizaliwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mdogo wake, Celia, alikuwa amelazwa hospitalini kulekule, mjini Mosimboa, na muuguzi mmoja aliahidi kuandika siku ya upasuaji itakapopangwa. Simu za kule zilikuwa hazishiki.

Lucy alianza upya. Seva ya barua, kompyuta inayopokea na kugawa barua za ofisi, ilikuwa nzima. Barua mia mbili na kumi zilijipanga ndani yake zikingoja. Ila yenyewe haikujua majina ya watumishi. Kila barua ilipoingia, ilibidi iiulize seva nyingine, inayotunza orodha ya majina, barua hiyo ni ya nani. Seva za orodha zilikuwa mbili. Jumapili usiku Lucy aliizima ile ya zamani kwa mikono yake na kufuta kila kilichokuwamo, akijua mpya inatosha. Akaijaribu mpya: ikajibu papo hapo. Sasa mbona seva ya barua inadai haina wa kumuuliza?

Akapekua mipangilio ukurasa kwa ukurasa. Saa nne na nusu akaiona. Fundi aliyemtangulia alikuwa ameandika jina la seva moja tu ya kuulizwa, ile ya zamani, na kuizuia isitafute nyingine. Siku tatu seva ya barua ilikuwa ikibisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa.

Aibu ikamshika. Angekagua kabla ya kuzima, angeliona jina lile.

Akalifuta, akairuhusu seva itafute yenyewe, akaiwasha upya. Barua zilizokuwa zikingoja zikaanza kupungua. Mia mbili. Mia na themanini. Tisini.

"Mama Elton! Njoo ufungue yako."

Graca alisoma akiwa amesimama. "Imeandikwa Jumatatu. Anapasuliwa Ijumaa asubuhi. Anasema Celia ananiulizia."

"Mama Elton, kosa ni langu. Mashine niliizima mimi bila kukagua."

Graca aliinua macho kutoka kwenye barua. "Ungeniambia jana kwamba hujui zitaingia lini, ningeondoka bila kungoja barua."

"Niliona haya. Nisamehe."

"Nimekusikia." Akavuta kiti. "Andika wewe." Akamtajia Kireno herufi kwa herufi: yuko njiani, Celia amsubiri.

Lucy hakungoja kuitwa. Alikwenda kwa Bwana Stefano, akamweleza kosa lake lote, kisha akaomba gari la kumpeleka Graca kivukoni Kilambo.

Bwana Stefano alivua miwani. "Hili la mashine tutalizungumza." Kisha akachungulia dirishani, akamwita dereva. "Gaudensi! Umeshaweka mafuta?"

Graca alifika Mosimboa Alhamisi jioni, akamkuta mdogo wake macho. Jumanne iliyofuata Lucy alipata barua fupi: "Celia amekunywa uji leo. Anataka samaki, daktari amekataa, tumegombana wote watatu."

Lucy aliisoma mara mbili, akaenda kumtafuta Gaudensi amsomee.