Uki Wangu, Mnazi Wao

Jumwa hakugusa hata chai yangu siku aliyokuja kuniambia ni pombe gani itanywewa nyumbani kwangu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na feni, feni yote ikampulizia yeye, na bado akajipepea na ncha ya leso. "Mama Mwende," akaniambia, "kaskazi hii hakuna kinywaji ila mnazi. Huo uki wenu utatupasua matumbo."

Huyo ndiye mama yake Gershom, kijana aliyetaka kumwoa Mwende wangu. Ni Wagiriama wa Kisauni, na ndugu yake Jumwa, anayeitwa Kai, ni mgema. Mimi ni Mkamba wa Mwingi, nimekaa hapa Mikindani tangu Mwende hajazaliwa. Joto la Mombasa nimelizoea. Jumwa sijamzoea.

"Mwingi kuna jua kuliko hapa," nikamwambia. "Na uki wetu wa asali tunaunywa hilo hilo jua likiwaka."

"Mnaunywa kwa sababu hamna minazi," akasema, akacheka kwa pua.

Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia mnazi wa asubuhi ni maji ya sukari na wa jioni ni siki, na anayetaka pombe hapo katikati lazima atembee na saa mkononi. Nikamwambia kwangu haunywewi, ng'o. Akajitia hamnazo. Akajifunga leso yake, akasema Jumamosi watakuja na mnazi, kwa sababu anayeposa ndiye anayeleta pombe.

Hilo ni kweli, kwao na kwetu. Upande wa mvulana unaleta pombe, inawekwa chini, msichana anaitwa na kuulizwa mbele ya watu: tuinywe au tusiinywe? Akisema inywewe, basi ameombwa na amekubali. Kabla ya hapo hakuna anayeionja.

Na nilichokuwa nakitaka mimi ni hicho tu, Mwende aulizwe. Mimi sikuulizwa. Marehemu mume wangu alinitoa Mwingi na begi moja tukapanda basi, na hakuna aliyempelekea baba yangu hata kikombe. Mpaka leo nikienda kwetu mashangazi wananiita yule aliyeondoka. Mwanangu asiitwe hivyo. Aulizwe, watu wasikie, hata huyo Jumwa na nyodo zake asikie. Lakini nikae nimtazame Jumwa akijaza nyumba yangu mnazi huku akinicheka? Hilo roho yangu ilikataa.

Nikaamua nitengeneze pombe yangu. Si ya posa, nilijiambia, ni ya kuwakata watu kiu wakishuka kwenye gari. Jirani yangu Quinter akanishauri busaa ya unga. Nikamuuliza ni nani anayetaka kunywa uji kwenye joto hili, akanuna, akaondoka na sufuria yake aliyokuwa amekuja kuniazima. Nikafikiria ya nanasi, ambayo ikipoa inateremka vizuri, lakini ya nanasi kila mtu anaijua. Nilitaka kinywaji ambacho Jumwa akikionja atafunga mdomo. Ikawa uki.

Asali ililetwa kutoka Mwingi, pamoja na yale matunda makavu ya muratina yanayoumusha pombe. Kwetu mtungi unawekwa karibu na moto ili uki uive. Hapa joto lenyewe linaivisha, tena kwa pupa, ukizubaa kidogo umechachuka. Nililivika pipa magunia yaliyoloweshwa, nikawa nalihamisha ukuta hadi ukuta nikilikimbiza na jua. Nikaufanya mwepesi, wa kunywewa jagi kwa jagi bila mtu kulewa haraka.

Phineas, ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye aliyesimama mahali pa baba wa Mwende. Alikuja akaliona pipa, akavua kofia.

"Shemeji, mwenye binti hatoi pombe siku ya posa."

"Ni ya kiu tu."

"Kiu ikatwe na maji."

"Nimekusikia," nikasema. Sikumsikia hata kidogo.

Jumamosi walifika jua likiwa utosini, wanaume wamevaa makoti, jasho linawatiririka. Kai alikuwa amebeba dumu la mnazi, mdomo wake umezibwa kwa makumbi. Nikamwonyesha pa kuliweka, pale nje ukutani ambapo jua linapiga mchana kutwa. Kai akamtazama dadake. Jumwa akamwashiria aliweke tu, nikadhani nimemweza.

Nikawakaribisha chini ya turubai, nikawamiminia uki ukiwa na barafu. Kai akanywa, akafuta masharubu, akanyoosha gilasi tena. Gershom akanywa. Jumwa akaunusa kwanza, kisha akaumaliza wote na kuniambia, "Mzuri, mama Mwende. Kumbe nilikusema bure. Niongeze." Nilifurahi mpaka nikasahau kukaa. Nikazunguka na jagi langu mpaka hakuna gilasi iliyobaki tupu, na Mwende yuko chumbani na gauni lake jipya, anangoja kuitwa.

Phineas akakohoa. "Sasa tumwite binti, tumuulize kama mnazi huu unywewe."

"Aulizwe nini tena, baba?" Jumwa akasema. "Pombe si imekwisha kunywewa?"

"Anayeleta pombe ndiye anayeomba," akaendelea, taratibu, anatabasamu. "Na anayeinywa ndiye aliyekubali. Mama Mwende ametuletea, na sisi tumekunywa. Amemposa Gershom, na sisi wazazi wake tumekubali. Mnazi wetu umewekwa juani, haukuguswa. Tutaubeba turudi nao."

Watu wa Kisauni wakaangua kicheko. Wangu wakatazama chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameliona hilo tangu gilasi ya kwanza, na ndiyo maana aliniomba ya pili.

"Ilikuwa ya kukata kiu," nikasema.

"Imekata," Jumwa akanijibu.

"Mama, basi," Gershom akasema.

"Nyamaza wewe, umeposwa."

Nilimtazama Phineas anitetee. Akageuza kofia yake mikononi. Damu ikanichemka. Nikamwambia Jumwa abebe dumu lake, abebe na mwanawe, na asikanyage tena Mikindani. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na sikujuta hata neno moja wakati ninalisema.

Pazia la chumbani likafunguka. Mwende akatupita wote bila kututazama, akaenda ukutani, akazibua dumu. Mnazi ukafoka kwa povu, ukamlowesha gauni. Akajaza gilasi, akanywa. Ulikuwa umechachuka, uso wake ulionyesha, lakini aliumaliza wote amesimama pale pale juani.

"Nimekunywa," akasema. "Mngeniuliza, ningesema unywewe."

Akaingia ndani, akatoka na begi. Moja tu. Gershom akainuka, akampokea begi, wakaelekea langoni.

Jumwa hakuwa anacheka tena. Huyo alikuwa mwanawe wa pekee, na ndiye huyo anaondoka bila ngoma wala baraka za mtu. Akanisogelea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake haikuwa na nyodo.

"Mwite, mama Mwende. Arudi tumuulize."

"Mwite wewe," nikamwambia. "Mnazi ni wako."

Akanitazama, nikamtazama. Tukasikia lango likifunguliwa, kisha likifungwa. Hakuna kati yetu aliyemwita.