Konzi Moja Kabla ya Maji

Alfajiri ukungu hujaa bondeni kama bahari isiyo na sauti. Huja bila wimbi, hupanda bila haraka, humeza migomba, humeza barabara, humeza kaburi la mtoto wetu, kisha husimama hatua chache chini ya dirisha la jiko letu, pale mteremko unapoanzia. Mji wetu wote wa Aizawl hubaki migongo ya vilima inayoelea: mapaa ya bati, mnara wa kanisa, nguo za mtu zilizosahauliwa kambani. Njia ya kushuka haionekani. Njia ya kupanda haionekani. Ninasimama dirishani na kikombe changu, na kila asubuhi nakuuliza moyoni swali lilelile: uko ndani, au uko nje?

Wewe huulizi. Wewe unapika.

Watu bado wanatuita kwa jina lake. Baba Ruati, habari za asubuhi. Mama Ruati, umeshindaje. Hakuna aliyewahi kufikiria wazazi waitweje mtoto akitangulia, na kwa hiyo tunatembea mitaani tukiwa tumebeba jina la binti yetu kama watu waliobeba taa mchana.

Kwa miaka ishirini ulipiga ngoma ya kanisa. Ulipoipiga polepole, wazee walifumba macho. Ulipoipiga kwa kasi, walitoka vitini wakacheza duara mbele ya mimbari, na mabibi wenye magoti mabovu wakasahau magoti yao. Nami nilikaa upande wa wanawake, nikautazama uso wako juu ya ngozi ile, uso ulio wazi kama mlango wa nyumba yenye sherehe. Niliuona. Hakuna mtu atakayeniambia kwamba sikuuona.

Kisha zikaja mvua za Julai, na kilima kilichokuwa kimeibeba nyumba ya dada yako kikachoka kubeba. Ruati alikuwa amekwenda huko kuazima kitabu. Vijana wa mtaa walichimba kwa siku mbili. Walipompata walituletea, wakakaa nasi jioni baada ya jioni wakituimbia, kama inavyotupasa kufanyiana. Na ngoma ilipigwa na mwingine, na wewe ukakaa ukiitazama mikono yako kama vyombo ulivyoachiwa na mgeni.

Jumapili ya tatu ulisimama kabla ya wimbo. Ulikilaza kirungu cha ngoma sakafuni, mbele ya mimbari, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

“Mimi natoka,” ulisema. “Simlaumu mtu. Siamini tena. Msinihesabu.”

Ukatoka. Na mimi nikabaki nimekaa, nikiwa ndani, nikisikia nyayo zako zikiwa nje, na ukuta mwembamba wa mbao katikati yetu.

Unajua nilichokuwa nikifundisha. Miaka kumi na tisa, darasa la watu wazima, kila Jumapili asubuhi: aliyeokolewa kweli hapotei. Nilichora duara ubaoni, duara lisilo na pengo, nikasema, hapa ndani hakuna anayeanguka, kwa sababu hashiki yeye, ameshikwa. Nilizijua kurasa zinazotuliza na kurasa zinazotisha, na nilijua namna ya kuzipatanisha, kwa sauti ya upole, kabla ya kengele kulia. Na yule anayeondoka, Mwalimu? Yule anayeondoka, nilijibu, hakuwahi kuwamo. Lilikuwa jibu safi. Lilikuwa jibu la mtu ambaye hakuna mpendwa wake aliyeondoka.

Sasa nimo ndani ya duara langu mwenyewe, na kila ninakogeuka kuna chaki.

Kama ulikuwa nao wokovu ukaupoteza, basi nimewadanganya watu kwa miaka kumi na tisa, na mbingu ninayoitumainia ni nyumba ambamo sitakukuta. Kama hukuwa nao kamwe, basi uso ule juu ya ngoma ulikuwa uso wa nani, na mimi niliomba na nani, mikono yetu ikiwa imeshikana juu ya kitanda cha mtoto mwenye homa? Na kama bado unao, kama yote uliyosema hayakubadili kitu, basi neno lako halina uzito. Umesema natoka, nasi tunakuambia, huwezi.

Nilikuambia hili la tatu siku moja, nikidhani nakufariji. Ulikuwa unachambua majani ya haradali. Hukuinua macho.

“Mlango usiofunguka kutoka ndani, Mama Ruati,” ulisema, “nyie mnauita usalama. Waliofungwa wanauita vingine.”

Uko ndani, au uko nje? Ukungu hauna mlango wa kugonga.

Na sasa nikuambie habari ya mchele, kwa kuwa ndiyo iliyonifunga kabisa.

Asubuhi unapika wewe, kwa sababu mimi nawahi chuoni; jioni napika mimi. Na kila chungu kinapopimwa katika mtaa huu, kabla ya maji kugusa mchele, konzi moja hutolewa na kuwekwa katika kopo la kanisa. Mama zetu walifanya hivyo walipokuwa na njaa. Ulipotoka nilijiambia: asubuhi sasa hazina konzi. Sikutaka nyumba yetu ionekane imepungua, wala sikutaka kukuomba. Basi jioni, ulipokuwa nje ukipasua kuni, niliweka mbili: moja yangu, na moja ya asubuhi yako. Nililipa kimyakimya nafasi yako mezani pa Mungu, na sikumwambia mtu.

Kila Jumamosi Bi Biakthangi hupita kukusanya, kikapu mgongoni, ukanda wake ukiwa umekaza paji la uso.

“He, Mama Ruati!” alisema Jumamosi moja, akipima kopo kwa mkono. “Nyumba ya watu wawili hii! Mnapika mara ngapi kwa siku? Au mmeficha jeshi uvunguni?”

“Labda nimekosea kuweka.”

“Kosea tu, mwanangu, kosea tena! Wiki ijayo nitakuja na kikapu cha mume wangu, na yeye mwenyewe ndani akinisaidia kubeba.”

Alicheka, akashuka ngazi akikohoa. Mimi sikucheka. Wiki iliyofuata sikuweka hata punje. Niliona aibu kama mwizi, lakini sikuweka. Na Jumamosi kopo lilikuwa na mchele.

Basi Jumatatu nilichelewa kwa makusudi, nikasimama mlangoni mwa jiko na viatu mkononi. Ulichota mchele ukamimina chunguni. Macho yako yalikuwa dirishani, kwenye weupe ule. Na mkono wako ukashuka peke yake, ukachukua konzi moja kabla ya maji, ukaenda hadi kwenye rafu, ukafunguka juu ya kopo. Kisha ukarudi. Kama ndege anayekijua kiota.

“Unafanya nini?” nilikuuliza.

“Napika.”

“Mkono wako, Baba Ruati.”

Uliutazama kana kwamba ni wa jirani.

“Mkono una mazoea yake. Mama alinichapa mara mbili kwa kusahau, sasa hausahau. Usiufanye mahubiri, tafadhali.”

“Sijasema kitu.”

“Hujasema, lakini uso wako umeshapanda mimbarani.”

Nilivaa viatu nikaenda zangu. Siku nzima, mbele ya wanafunzi, niliuona mkono ule. Mazoea, au neema? Mkono uliokuwa umeshika, au mkono ulioshikwa na ambao haujaachiwa? Kinywa chako kimesema natoka, na vidole vyako havikusikia. Au vimesikia, ila kifo cha mazoea huchelewa, kama kucha zinavyodhaniwa kukua baada ya roho kwenda. Nilichokuwa nacho ni kopo.

Wiki ileile Mzee Lianchhunga alikuja mchana, ulipokuwa kazini. Si mtu mkali. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe siku ile kilima kiliposhuka. Nilimtengea chai nyekundu, akawa anakoroga sukari guru iliyokwisha kuyeyuka zamani.

“Mwalimu, jambo hili tumelivuta miaka miwili,” alisema. “Yeye mwenyewe ameandika tena, barua ya tatu. Anaomba jina lake litoke kitabuni.”

“Najua, Mzee.”

“Na Jumapili hii, umeliona somo? Kanisa zima, wakubwa kwa wadogo, somo moja: aliyeokoka aweza kupotea? Waliopanga masomo hawakutuuliza.”

“Nimeliona.”

“Basi baada ya somo wazee tutakaa. Sitaki hotuba. Nataka neno lako moja tu, wewe unayeishi naye. Alikuwa wetu kweli, au hakuwa? Tukijua hakuwa, tutalifuta bila uchungu.”

Kopo lilikuwa rafuni, juu ya kichwa chake. Ningenyoosha mkono tu. Ningesema, tazama, Mzee, mkono wake bado unatoa. Na angelia, namjua, na jina lako lingebaki kitabuni mpaka kufa kwako, kwa nguvu, kinyume na barua zako tatu. Ningeuita mkono wako utoe ushahidi dhidi ya kinywa chako. Sikunyoosha. Nilimwongezea chai. Aliyenyamaza akikulinda alikuwa mkeo; aliyetaka kupiga kelele alikuwa pia mkeo; na wote wawili walikuwa wamekaa kwenye kiti kimoja, hawana pa kusogea.

Jumapili darasa lilijaa hadi kizingitini. Walijua. Mzee Kapthianga, aliyerithi ngoma yako, alikaa mbele na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Nilichukua chaki. Nilianza duara, mkono wangu ukaenda kwa mazoea yake ya miaka kumi na tisa, na ulipofika karibu na mwisho ukasimama. Pengo lililobaki lingetosha kupita kidole. Sikuweza kuliziba.

“Sijui,” nilisema.

Mzee Kapthianga akakohoa.

“Mwalimu, miaka kumi na tisa ulikuwa unajua. Umesahau lini, jana?”

Wachache walicheka, kwa haraka, kama watu wanaotafuta hewa.

“Sikusahau, Mzee. Nilikuwa najua nikiwa mbali. Nimesogea karibu, sioni tena.”

Mzee Lianchhunga aliinuka nyuma, kofia mkononi. “Na lile neno nililokuomba?”

“Alikuwa wetu,” nilisema. “Hilo nililiona kwa macho yangu, na sitalikana ili duara langu lipate kufungana. Alikuwa wetu kama wewe, kama mimi. Yuko wapi sasa, sijui. Nani ameshika na nani ameshikwa, sijui. Mkitaka mwalimu anayejua, mtafuteni.”

Nikailaza chaki mezani. Sikujua niliilaza vipi mpaka Bi Biakthangi alipofunika mdomo wake kwa shali, na macho yake yakaenda sakafuni, mbele ya mimbari, mahali palepale ulipokilaza kirungu chako.

Wazee walikaa kwa muda mfupi. Mzee Lianchhunga alinipata nje, kwenye ngazi.

“Tumefanya alivyoomba,” alisema. “Tumefuta tunachoweza kufuta, Mama Ruati. Wino.”

Sikukuambia siku ile. Ulikuwa umelala na gazeti usoni, na sikutaka kukuamsha ili nikupe uhuru wako.

Asubuhi ya leo ukungu umejaa kuliko siku zote. Umeivuka ile hatua ya mwisho ya mteremko, umefika kizingitini, umeanza kuingia. Ulikuwa umekwisha kumimina mchele. Uliongea ukinipa mgongo.

“Limetoka?”

“Limetoka.”

“Na wewe? Walikuuliza?”

“Waliniuliza.”

“Ukasema nini?”

“Nilisema sijui.”

Mabega yako yalitikisika. Nilidhani unalia, kumbe ulikuwa unacheka, kicheko kile cha zamani kinachoanzia tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Julai ile.

“Wewe? Mwalimu mzima? Afadhali,” ulisema. “Sasa tuko wawili.”

Ndipo sote tukauona mkono wako. Ulikuwa umekwisha kushuka, umekwisha kuchukua, kabla ya maji. Ulikuwa hewani, konzi imefumbwa, katikati ya chungu na kopo. Lakini safari hii ulikuwa unautazama, nami nilikuwa nautazama, na kinachotazamwa hivyo hakiwezi tena kuitwa mazoea. Hakuna kitabu kilichokudai konzi ile. Kuirudisha chunguni lingekuwa neno. Kuiweka koponi lingekuwa neno. Ulisimama umefungwa na mchele wako mwenyewe, na mimi nikauma midomo nisikusaidie. Punje moja ilipenya kati ya vidole vyako ikaanguka, nikaisikia.

Ukungu uliingia. Uliingia kwa dirisha na kwa mlango, ukachanganyika na moshi wa kuni, ukafuta rafu, ukafuta chungu, ukakufuta wewe hadi kifuani. Nikasikia mchele ukianguka juu ya mchele, mvua fupi, kisha kimya. Sauti ni ileile, chunguni au koponi. Hatua mbili zingetosha niende nikachungulie. Mimi niliyezoea kuhakikisha, sikwenda.

Bahari ile isiyo na sauti, niliyokuwa naitazama kutoka juu kila alfajiri, ilikuwa sasa imetufunika. Labda imeingia ndani. Labda sisi ndio tumetoka. Nilinyoosha mkono katika weupe ule, nikaukuta wako, mtupu, wenye joto, kiganja kikiwa bado na vumbi la mchele. Nikaushika.

Au ulinishika.

Maji yalikuwa bado hayajamiminwa.